Conte hakwenda Inter na kombe mkobani

Naandika haya kahawa ya jana bado ikiniwasha koo. Nilikuwa nimekaa barazani hapa Shela (Shela ya Malindi, wa Lamu mnisamehe), nikalisikia tena lile neno, na safari hii nimeshindwa kunyamaza: "Conte alitusaliti. Alizikusanya siri za Juve akawapelekea Inter." Wanamsema Antonio Conte, kocha Mtaliano aliyeifundisha Juventus, na baadaye akawafundisha mahasimu wake, Inter ya Milano.

Mji huu umekaa na Wataliano tangu baba zetu ni vijana, kwa hivyo Serie A, ligi kuu ya Italia, hapa ni ugomvi wa nyumbani. Wa Juve anamwita msaliti. Wa Inter anajibu kwamba kocha bora hushinda popote aendako. Wanatupiana maneno mpaka kashata zinaisha, wala hawaoni kwamba wameshakubaliana: kwa wote wawili ubingwa ni mzigo, kocha anaufunga mkobani akahama nao.

Mimi nafundisha vijana mpira. Siri gani, jamani? Ile 3-5-2 ya Juve (mabeki watatu, viungo watano, washambuliaji wawili) dunia nzima iliitazama kwenye televisheni, na kocha aliyetaka kuinakili aliketi na kalamu yake akainakili. Wengi walifanya hivyo. Wengi walifungwa.

Nikaomba vizibo vya soda, nikavipanga juu ya sinia kama Inter ya Conte. Huyu Lukaku, mshambuliaji, kalipa goli mgongo, beki kamganda. Mpira unatoka nyuma, anaugusa mara moja tu kumpa Barella anayekuja mbio. Lautaro keshamzunguka beki. Na tazameni kulia: Hakimi ameanza kukimbia mpira ukiwa bado njiani kwa Lukaku. Hasubiri kuiona pasi. Akisubiri amechelewa, nafasi imefungwa. Anakimbia kwa sababu wameirudia mazoezini mpaka miguu inajua kabla ya macho, na mwenzake akikosea hatua mbili wote wanarudishwa mwanzo. Huo mwendo hauhami kwa mkoba, wala ubao hautoshi kuufundisha. Unataka siku.

Basi zihesabu. Umecheza Jumapili. Jumatatu miili inauma, Jumanne ni kunyoosha viungo na kupanda ndege, Jumatano mechi ya Ulaya, Alhamisi kupumzika, Ijumaa mepesi, Jumamosi uko hotelini. Siku ya kufundisha iko wapi?

Sasa mtazameni Conte. Juventus ya 2011-12, bingwa bila kupoteza hata mechi moja ya ligi, haikuwa na mashindano ya Ulaya kwa sababu msimu uliotangulia ilimaliza ya 7. Chelsea ya 2016-17, bingwa wa Uingereza kwa pointi 93: ilikuwa ya 10 mwaka uliotangulia, Ulaya hakuna. Napoli ya 2024-25, bingwa kwa pointi moja mbele ya Inter: nayo ilitoka nafasi ya 10, Ulaya hakuna. Na Inter yenyewe ya 2020-21? Desemba iliburura mkia kwenye kundi lake la Ligi ya Mabingwa, hata Ligi ya Europa ikaikosa. Watu walimcheka. Mimi nilisema hapa hapa barazani kwamba ligi sasa ni yake, kapewa wiki nzima ya mazoezi mpaka Mei. (Ndiyo, nawakumbusha kila nipatapo nafasi.)

Akaenda Tottenham, mahasimu wa Chelsea, na mkoba ule ule. Msimu wa 2022-23 akawa na Ligi ya Mabingwa katikati ya wiki. Machi akafunga virago, mikono mitupu.

Haya, nisijifanye mjuzi kupita kiasi. Juve yake ilitwaa ligi 2013 na 2014 huku ikicheza Ulaya, na 2013-14 ilifika pointi 102. Hoja yangu hapo inachechemea, najua. Naweza kusema miguu ilikuwa imeshajua, lakini sina namna ya kulithibitisha. Wala siwezi kukwambia ni pointi ngapi za kocha na ngapi za pesa za tajiri. Conte mwenyewe nadhani anajua zaidi: Mei 2021, wenye Inter walipotaka kubana matumizi na kuuza wachezaji, aliaga na ubingwa wake mkononi. Hakimi akauzwa PSG ya Ufaransa, Lukaku akauzwa Chelsea. Mtu anayeamini kombe limo mkobani mwake angebaki.

Nilipofika hapo ami mmoja, Juve wa kufa, akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, na wewe? Ulitufundishia watoto wetu misimu miwili hatukuona kitu. Ukahamia mtaa wa pili, mwaka ule ule ukabeba kombe."

Nikamwambia, ami, kwenu niliwapata watoto siku mbili kwa wiki, na moja kati ya hizo nusu ya uwanja ilikuwa na turubai la harusi. Kule nilikuwa nao siku nne, uwanja mzima. Mazoezi yale yale, vibao vile vile, hata filimbi ni hii hii.

Akatikisa kichwa taratibu, kama aliyekubali. Akaokota kizibo kimoja, akakiweka golini.

"Na kipa wetu uliyehama naye?"

Nililipa kahawa.