Kabala, Uungu na hii maskani yetu ya mtaani

Wengi wanaotuuliza hapa kitengoni kwetu cha masomo ya dini wakisikia Kabala wanawaza uzi mwekundu wa mkononi na mastaa wa Hollywood. Hiyo tuiache, sio mada ya leo. Kabala yenyewe ni elimu ya ndani ya Wayahudi, na kuna swali linaisumbua sana, kama Mungu hana mwisho, sasa dunia imepata wapi pa kukaa?

Wanaanza na Ein Sof, Kiebrania hicho, maana yake "hakuna mwisho". Sio jina la kumuita Mungu, ni kukiri tu kwamba hapa maneno yameisha. Sisi binadamu tunachokifikia ni sefiroti 10, yaani hekima, rehema, ukali wa hukumu na zinginezo, humo ndimo Uungu unapojionyesha. Watu wanateleza hapa hapa, wanadhani ni miungu kumi. Hapana! Rabi Moses Cordovero, karne ya 16, alitoa mfano wa maji kwenye vyombo vya rangi, ukiangalia chombo chekundu unaona maji mekundu, cha kijani unaona ya kijani, ila maji ni yale yale hayajabadilika hata tone.

Sefiroti ya kumi inaitwa pia Shekina, uwepo wa Mungu unaokaa na watu. Neno hili lina undugu na Kiswahili chetu, mzizi wake ni ule ule uliotupa kusakini na maskani kupitia Kiarabu, kwahiyo vijana wakisema tukutane maskani wamegusa neno zito bila kujua hehe. Soma Kutoka 40, utukufu wa Bwana unaijaza maskani, na Kiebrania chake ni mishkan.

Sasa mwaka 1492 Wayahudi wakafukuzwa Hispania, baadaye baadhi yao na watoto wao wakaishia Safed, mji wa mlimani Galilaya. Ijumaa jioni walikuwa wanatoka nje mashambani kuipokea Sabato kama bibi harusi. Hapo ndipo alipofundisha Isaac Luria, mwalimu wa Kabala, miaka kama miwili tu akafariki 1572, mwenyewe kaandika kidogo sana, mengi tumeyapata kwa mwanafunzi wake Chaim Vital. Luria anasema Mungu kwanza alijibana, wanaita tsimtsumu, akaacha nafasi, halafu nuru ikamiminwa kwenye vyombo, vyombo vikapasuka na cheche zikatawanyika kila mahali, na kazi ya mtu kwa sala na matendo mema ni kuziokota. Hata Shekina iko uhamishoni na watu wake. Mimi naona kwa waliofukuzwa kwao hiyo haikuwa falsafa ya mbali.

Ugomvi ukaja baadaye, hiyo nafasi aliyoiacha Mungu ni tupu kweli au ni lugha ya mfano tu? Rabi Shneur Zalman wa Liadi, kwenye kitabu chake Tanya kilichochapwa mara ya kwanza 1796, anasema Mungu hakuondoka popote. Anatumia mfano wa mwale wa jua, dunia ni kama mwale na Mungu ni kama jua. Ukiwa uani unauona mwale ukutani, unang'aa, unasema huu hapa. Lakini mwale huo huo ukiwa ndani ya jua lenyewe utauonaje, humo ni jua tu, hauna hata jina lake. Ila anaongeza kwamba mwale wa uani umeshatoka kwenye jua, wakati dunia haijawahi kutoka kwa Mungu, bado imo humo humo.