Unyevu wa asilimia 60: maana yake nini hasa?

Ukifungua utabiri wa hali ya hewa kwenye simu, chini ya joto utakuta unyevu umeandikwa kwa asilimia, tuseme 60. Wengi huisoma namba hiyo kana kwamba zaidi ya nusu ya hewa ni maji. Lakini hewa ya nyuzi 30 iliyoshiba kabisa, kwa usawa wa bahari, ina mvuke wa maji wa kama asilimia 4 tu. Hiyo 60 inatokana na sehemu, kama zile tulizofundishwa shule ya msingi: juu kiasi, chini asili. Kiasi ni mvuke uliomo hewani sasa hivi. Asili ni mvuke mwingi kuliko wote ambao hewa ya joto hilo ingeweza kuwa nao kabla haujaanza kugeuka maji.

Kinachowapotosha watu ni kwamba asili yenyewe haitulii. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 10 hushiba kwa gramu 9.4 za mvuke. Kwa nyuzi 20 hushiba kwa gramu 17.3, na kwa nyuzi 30 kwa gramu 30.4. Yaani kila nyuzi kumi zinapopanda, nafasi inakaribia kuongezeka maradufu. Sasa chukua chumba kilichofungwa, nyuzi 20, unyevu asilimia 60. Kipashe joto hadi nyuzi 30 bila kutoa wala kuingiza tone la maji: kipimo kitashuka hadi kama asilimia 34. Kiasi kimebaki palepale, asili ndiyo iliyokua.

Hesabu hii inawahusu kwa karibu watu wawili ambao huenda hawajawahi kukutana, mkulima wa maua na mhifadhi wa michoro ya kale iliyochorwa juu ya mbao. Mmoja analea mti ulio hai, mwingine anatunza mti uliokatwa karne nyingi zilizopita, na miti hiyo miwili haiisomi namba hii kwa namna moja.

Tuanze na ulio hai. Jani lina vitundu vidogo sana, na hewa iliyo ndani yake imeshiba mvuke. Maji hutoka kwenda nje kwa kadiri ya pengo lililopo kati ya hewa hiyo na hewa ya nje. Kwa hiyo mkulima huuliza hewa imebakiza nafasi gani, na jibu lake hupimwa kwa kilopaskali, kipimo cha shinikizo. Unyevu wa asilimia 60 katika nyuzi 20 huacha pengo la kama 0.94. Asilimia 60 hiyohiyo katika nyuzi 30 huacha pengo la 1.7. Kipima unyevu ukutani hakijabadilika hata kidogo, ilhali waridi linavutwa maji kwa nguvu inayokaribia maradufu. Mkulima anayeangalia asilimia peke yake, bila joto, anasoma nusu ya habari.

Usiku mambo hugeuka. Naivasha, ambako Kenya hulima waridi nyingi za kuuza Ulaya, iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na baridi yake ya usiku si ya mchezo. Chukua mfano wa kitalu nyumba, au grinihausi kama wengi wanavyosema, kilichofungwa jioni kikiwa na nyuzi 24 na unyevu wa asilimia 75. Kila mita ya ujazo ina gramu 16 na ushee za mvuke. Joto likishuka hadi karibu nyuzi 19, hewa hiyo imeshiba. Likizidi kushuka, maji hutafuta pa kutua, na petali hupoa upesi. Umande huo ndio mlango wa kuvu wa kijivu aitwaye Botrytis. Ua linaweza kukatwa likiwa safi machoni, madoa yakajitokeza likiwa tayari ndani ya boksi safarini. Ndiyo maana wenye kujua kazi hii hufungua matundu ya kitalu kwa wakati na, wenye uwezo, hupasha hewa joto kidogo ili ile yenye maji itoke.

Mti ukishakatwa na kukauka, hesabu inakuwa nyingine. Ubao huifuata asilimia yenyewe. Katika unyevu wa asilimia 50, ubao hutulia ukiwa na maji ya kama asilimia 9 ya uzito wake mkavu, na iwe nyuzi 20 au 30, tofauti ni ndogo mno. Katika unyevu wa asilimia 80, maji hayo hufika kama 16. Ubao hunywa na kukauka, na kila mara hutanuka na kusinyaa, zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Ubao wenye upana wa mita moja unaweza kusinyaa sentimita nzima. Sasa fikiria juu ya ubao huo kuna tabaka la jasi au chokaa na gundi, kisha rangi ya miaka 500 isiyoweza tena kunyumbuka. Mona Lisa nayo imechorwa juu ya ubao.

Ushahidi mzuri kuliko yote, kwa maoni yangu, ulipatikana vitani. Mwaka 1941 jumba la National Gallery la London lilihamishia michoro yake katika machimbo ya mawe ya Manod, Wales, kuikwepa mabomu. Ndani ya mlima ule wenye baridi vilijengwa vyumba vya matofali, hewa ikapashwa hadi nyuzi 17, na unyevu ukatulia kwenye asilimia 42. Rangi iliyokuwa na desturi ya kuvimba na kubambuka ikaacha karibu kabisa. Vita vilipokwisha mwaka 1945 michoro ikarudi London, kwenye kumbi ambazo hewa yake ilipanda na kushuka, na ubambukaji ukarudi nao. Wahifadhi wakaona kwa macho kwamba utulivu wa asilimia huuokoa ubao.

Unywele nao hufuata asilimia kama ubao: hurefuka kadiri hewa inavyokaribia kushiba. Mwanasayansi Horace-Bénédict de Saussure wa Geneva aliutumia kutengeneza kipima unyevu mwaka 1783.

Ndugu zetu walioko Ulaya wanaweza kuyaona haya sebuleni. Hewa ya nje wakati wa baridi, nyuzi 0 na unyevu wa asilimia 80, inasikika kama yenye maji tele, kumbe ina gramu 4 tu kwa mita ya ujazo. Ikiingia ndani na kupashwa hadi nyuzi 21, unyevu wake ni kama asilimia 20. Kinyago cha mpingo kilichochongwa Mtwara kinasinyaa nje kabla ya ndani, na siku moja kinapasuka kutoka utosini hadi kidevuni. Kiweke mbali na hita, katika chumba kisichopashwa joto sana, au ndani ya kabati la kioo lililofungwa vizuri, ili kikauke polepole kwa miezi.