Kitenzi cha Kiingereza: kishirikishi au cha kutenda? Acheni kukariri

Jamani wanafunzi wa tuisheni hapa Tanga, kuanzia Ngamiani mpaka Pongwe huko, mnakariri mno. Kitenzi cha Kiingereza hakijulikani kwa sura, kinajulikana kwa kazi kinayofanya kwenye hiyo sentensi basi.

Kuna wanaosema vishirikishi (linking verbs), yaani vile vinavyounganisha kiima na maelezo ya hali yake, ni am, is, are, was na were tu. Si kweli, kuna seem, kuna become, halafu lile kundi sumbufu la look, feel, smell, taste na sound, hata grow na turn zinaingia.

Dhana potofu kubwa ni ile ya orodha mbili, kwamba smell ikishakaa huku haihamii kule. Inahama bwana. Nenda pale Deep Sea samaki wanaposhushwa, mama akimnusa changu kabla hajatoa hela yake hiyo ni "She smells the fish", mama anatenda. Ila changu mwenyewe kama alilala, "The fish smells bad", hapo samaki hafanyi chochote, anaelezwa hali yake tu. Kupima ni rahisi, toa kitenzi weka is. "The fish is bad" inakubali, kwahiyo ni kishirikishi. Jaribu kwa mama sasa, "She is the fish", tayari mama kawa samaki, basi hicho ni cha kutenda.

Na hapohapo ndo wengi wanachomeka badly, eti baada ya kitenzi lazima kije kielezi. Aisee ukisema "The fish smells badly" unamsema samaki pua yake mbovu, hawezi kunusa vizuri 😂. Kishirikishi kinataka kivumishi kwa sababu anayeelezwa ni kiima, sio kitendo. Linganisha "He looked angry", yaani sura yake ndo ina hasira, na "He looked angrily at the conductor", hapo kamtolea konda macho.

Is nayo sio kishirikishi siku zote, kwenye "She is frying fish" ni kisaidizi tu, kazi iko kwa frying. Na cha kutenda sio lazima jasho likutoke, think na sleep zimo humo.

Najua kuna mjuaji ataniuliza mbona "I feel well" inakubalika na well ni kielezi? Hapo well imekuwa kivumishi, maana yake mzima wa afya, na "I feel good" nayo ni sawa tu.