Mrija huu utatoka lini?

Mama mmoja wa Mbagala, mwenye njiti wa gramu 900, aliniuliza swali lile lile kila asubuhi nilipopita wodini: "Daktari, mrija huu utatoka lini?" Wauguzi walidhani ana haraka ya kwenda nyumbani. Mimi nililipenda mno swali lake.

Mtoto wa uzito huo damu yake yote haijai vikombe viwili vya kahawa ya kijiweni. Utumbo haujaweza maziwa ya kutosha, na mishipa ya mikono ni kama uzi, dripu ya kawaida haikawii kuvimba. Ndiyo maana tunapitisha mrija wa lishe ya dripu hadi mshipa mkubwa ulio karibu na moyo, kupitia kitovuni siku za mwanzo, au mkononi na mguuni baadaye. Wengi wamepona kwa ajili yake.

Wazazi huogopa ule wakati wa kuuweka. Mimi naiogopa ncha. Ya mrija wa kitovu inatakiwa iishie pale mshipa mkuu unapoingia moyoni, na kwenye eksirei tunaitafuta usawa wa pingili ya 8 au ya 9 ya mgongo wa kifuani. Ikibaki ndani ya ini, lishe nzito ya dripu hulijeruhi ini na tumbo likaanza kujaa. Ikizama moyoni, huvuruga mapigo, au ile lishe ikaula ukuta mwembamba wa moyo hadi ikavuja na kujaa kwenye mfuko unaouzunguka. Moyo hubanwa. Ni nadra, lakini mtoto aliyekuwa mzima saa nne, saa nne na nusu rangi imebadilika, mapigo yameanguka, na kumkandamiza kifua hakusaidii mpaka mtu akumbuke kuyavuta kwa sindano maji yaliyojaa kwenye mfuko ule. Wenzangu wa wodini, njiti mwenye mrija akibadilika ghafla, fikirieni moyo mapema. Utrasaundi ikiwa karibu iletwe kitandani. Ikiwa mbali, msimwache mtoto akiisubiri. Wala picha ya siku ya kwanza isitutulize, maana mtoto akikunja mkono tu, ncha ya mrija wa mkononi husogea.

Linalotusumbua mara nyingi zaidi ni maambukizi: bakteria wa ngozi, na huku kwetu bakteria aitwaye Klebsiella pia. Usisubiri homa. Njiti hupoa mwili, husahau kupumua, maziwa hubaki tumboni. Kabla ya kufungua kiungio cha mrija tunakisugua kwa spiriti sekunde 15, kisha tunakiacha kikauke, hata kama zamu ina watoto wengi. Damu kuganda nayo hutokea, hiyo nitaiandikia siku yake.

Kila siku inayoongezeka huongeza hatari. Mrija wa kitovu napenda utoke ndani ya siku 7, na sivuki 14. Yule mtoto alipofikisha maziwa ya mama yake mililita 120 kwa kilo kwa siku, tuliutoa. Ilikuwa siku ya 9, na asubuhi ile nilimjibu mama kabla hajauliza.