Mbegu ya mpapindi haianikwi juani

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba mbegu ni lazima ianikwe mpaka ikauke ndipo ipandwe. Kwa mahindi na maharage, sawa. Kwa mpapindi, kuanika ni kuiua.

Mpapindi ni wa jamii ya minazi, na asili yake ni kisiwa cha Pemba, hasa msitu wa Ngezi. Ndugu zake wengi wako Madagaska, wachache Komoro. Mbegu yake huangukia kwenye majani yanayooza, chini ya kivuli chenye unyevu, kwa hiyo kiini chake hakikuumbwa kuvumilia ukavu. Ukiianika, kiini hufa huku ganda likionekana zima kabisa. Hapo ndipo mtu hulaumu udongo au mbolea bure.

Chukua tunda lililoiva, menya nyama yote, loweka mbegu siku moja, kisha ifukie juujuu kwenye mchanganyiko wa mchanga na makumbi ya nazi yaliyosagwa. Uwe na unyevu, usitote. Joto la nyuzi 27 hadi 30 linafaa. Aliye Ulaya atahitaji kuupasha moto udongo wakati wa baridi. Kuota huchukua wiki kadhaa, pengine miezi, basi usifukue kuchungulia.

Mche ukae karibu na dirisha, pasipo jua kali.

Na tafadhali, mbegu zitafutwe kwenye miti iliyopandwa bustanini. Za Ngezi tuuachie msitu. Mti huu ni adimu mno.