Je, wajua kwa nini farasi wa Black Beauty aliuzwa mara nyingi hivyo?

Binti yangu ana miaka minane. Tulikuwa sebuleni tukitazama Black Beauty, ile ya mwaka 1994, na farasi alipotolewa kwenda kuuzwa kwa mara nyingine akanigeukia: "Baba, mbona wanamuuza tu? Si mzuri?" Nikamwambia ndivyo hadithi ilivyo. Jibu la mvivu. Siku chache baadaye nikakirudia kitabu chenyewe, nikagundua kuwa mtoto ameuliza jambo ambalo mimi nimelipita miaka yote.

Kwa asiyeijua: filamu hiyo iliongozwa na Caroline Thompson, na msimulizi ni farasi mwenyewe, kwa sauti ya mwigizaji Alan Cumming. Inatokana na riwaya ya Anna Sewell wa Norfolk, Uingereza, iliyotoka mwaka 1877. Farasi mweusi anazaliwa shambani, anakulia raha, kisha anapita mikononi mwa mabwana karibu kumi, wengine wema, wengine wazembe, mmoja katili kabisa. Ipo filamu nyingine ya mwaka 2020 iliyohamishia mambo Marekani na kumfanya farasi awe jike, sauti ikiwa ya Kate Winslet. Lakini swali la binti yangu linajibika Uingereza ya karne ya 19, siyo kwingine.

Kwetu farasi hajawahi kutamba sana. Sehemu kubwa ya bara ilikuwa ya mbung'o, na ugonjwa wao humuua farasi upesi, kwa hiyo mzigo ulibaki kwa punda na kwa mabega ya watu. Ndiyo maana tunamfikiria farasi kama mnyama wa fahari. London ya wakati ule farasi alikuwa gari. Alivuta teksi, basi, mkokoteni wa makaa ya mawe na jeneza. Na gari, ukilinunua leo, unajua tayari utaliuza siku moja kwa bei ya chini kuliko uliyonunulia.

Mauzo mawili ya kwanza hayana ubaya wowote. Mkulima aliyemlea anamuuza akiwa na miaka minne, umri ambao farasi amekomaa na yuko tayari kufundishwa kazi. Hiyo ndiyo biashara ya mfugaji. Bwana wa pili, Squire Gordon, anamuuza kwa sababu mkewe ni mgonjwa na daktari ameagiza wahamie nchi yenye joto. Farasi anakwenda kwa lodi mmoja, yaani bwana tajiri mwenye cheo. Hapo bado yuko juu kabisa ya ngazi.

Kinachomwangusha ni magoti.

Usiku mmoja mtunzaji aitwaye Reuben Smith, amelewa, anampanda na kumkimbiza kwenye barabara ya mawe makali huku kiatu kimoja cha chuma kikiwa kimelegea. Kiatu kinachomoka, ukwato unapasuka, farasi anaanguka kwa magoti. Smith anakufa palepale. Farasi anapona, ila makovu yanabaki.

Mtu akienda kununua gari lililotumika hupapasa bodi akitafuta palipopigwa rangi upya. Mnunuzi wa farasi alikuwa anainama kutazama magoti. Goti lenye kovu lilimwambia kuwa huyu amewahi kuanguka, na aliyeanguka mara moja huenda miguu yake ya mbele ni dhaifu, atajikwaa tena, safari hii akiwa na abiria nyuma. Kwamba kosa lilikuwa la mlevi, kovu haliwezi kueleza. Tena nyumba ya lodi ilitaka farasi wa kutazamwa, na makovu hayatazamiki. Anauzwa kwa mwenye farasi wa kukodisha, ambako kila anayelipa anaendesha apendavyo, na kutoka hapo anazidi kushuka.

Humo katika nyumba ya lodi kuna jambo jingine ambalo watoto hulipita haraka. Mke wa lodi anataka farasi wake watembee vichwa juu, kwa sababu ndiyo fasheni. Unafungwa ukanda kutoka kwenye lijamu mdomoni, unavutwa hadi kwenye tandiko la mgongoni, na kichwa hakishuki tena. Sasa mtazame punda anayepandisha mlima na mkokoteni: anainamisha shingo, anaegemeza uzito wote mbele. Mzigo huvutwa hivyo. Mnyama aliyefungwa kichwa juu hana namna ya kuegemea, kwa hiyo anavuta kwa mgongo na miguu tu, koo limekunjwa, pumzi inakatika. Ginger, farasi jike rafiki yake Beauty, anaharibiwa na mambo hayo ya anasa kabla hajafika kwa maskini yeyote. Hapa ndipo ninapompenda Sewell: uozo anauanzisha ghorofani.

Halafu inakuja gulio la farasi, na hapo kitabu kinataja bei. Dereva wa teksi wa London, Jerry Barker, anatoa pauni 23, anakataliwa, anaondoka, anarudi na 24, muuzaji anataka 25, wanakutana kwenye pauni 24 na nusu. Nimeshuhudia mbuzi wakiuzwa hivyohivyo. Jerry ni mtu mwema, lakini wema wake una msingi: gari ni lake na farasi wawili ni wake. Akipumzisha farasi Jumapili, hakuna wa kumdai.

Wenzake ni madereva wa hesabu. Ndiyo, hesabu hiihii anayoijua kila dereva wa daladala. Mmoja wao, Sam, anaeleza kijiweni kwamba kukodi gari na farasi wawili ni shilingi 18 kwa siku, yaani shilingi tisa zitoke kwa kila farasi kabla yeye hajapata hata ya chai. Nauli ilikuwa peni sita kwa maili. Shilingi moja wakati huo ilikuwa peni 12, basi piga mwenyewe: maili 36 za abiria wa kulipa, karibu kilomita 58, kumridhisha bosi tu. Ukimwona Sam anachapa mjeledi, unajua mkono ni wake ila haraka ni ya nani.

Jerry anaugua baada ya kusubirishwa na abiria kwenye baridi usiku wa mwaka mpya, anaacha teksi, na Beauty anaangukia kwa mfanyabiashara wa nafaka anayempakia mizigo kupita kiasi, kisha kwa Nicholas Skinner. Skinner hana hasira na farasi. Ana mpango: mtumikishe mpaka mwisho wa nguvu zake, halafu muuze kwa chochote atakachopata, hata kwa wachinjaji. Ginger alikwisha kwenda njia hiyo. Beauty aliuona mkokoteni uliobeba farasi aliyekufa, akaamini ni Ginger. Beauty naye anaanguka kwenye mlima wa Ludgate akivuta familia yenye mizigo mingi. Anapumzishwa siku chache, siyo kwa huruma, bali kwa sababu akiwa na nafuu kidogo atauzwa zaidi ya thamani ya ngozi yake.

Bei yake gulioni safari hii ni pauni tano.

Sewell hakuwa akiwaandikia watoto. Aliwalenga watu wanaoshika farasi kila siku. Akiwa na miaka 14 aliteleza akitoka shule, akaumia vifundo vya miguu, na hakutembea vizuri tena maishani. Kila alikokwenda alivutwa na farasi, akiwatazama kwa nyuma, kutoka kwenye kiti cha kigari. Kitabu alikiandika kati ya 1871 na 1877, mgonjwa, mara nyingi mama yake akishika kalamu, na miezi mitano baada ya kutoka akafariki.

Aliyelipa pauni tano ni mzee mkulima, kwa kusihiwa na mjukuu wake. Wanamnenepesha, kisha wanampeleka kwa kina dada watatu wanaotafuta farasi mpole. Mmoja anayaona magoti na kusema atakuwa na hofu kupanda nyuma ya farasi aliyewahi kuanguka. Wanakubali kumchukua kwa majaribio tu.

Mtunza farasi wao, ambaye zamani alifanya kazi kwa Squire Gordon, anaanza kumsugua. Anaona nyota nyeupe kwenye paji, anaona mguu mmoja mweupe, anapunguza mwendo. Anatafuta mgongoni, katikati, na anakuta lile baka dogo la manywele meupe ambalo John, mtunzaji wa kwa Squire Gordon, alikuwa akiliita sarafu ya peni tatu ya Beauty.