Tiki ya tatu ya WhatsApp haipo

Wiki iliyopita pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, shangazi yangu aliacha kupima mchele akanionyesha simu. Grupu la kikoba lilikuwa limetumiwa ujumbe uleule wa miaka yote: kuanzia kesho simu zote zitarekodiwa, na ukiona tiki tatu, moja nyekundu, ujue serikali imesoma meseji yako. "Mwanangu, nimeshafuta kila kitu," akaniambia.

Tiki ya tatu haipo. Moja ya kijivu, ujumbe umetoka, mbili, umefika, mbili za bluu, umesomwa na uliyemtumia. Tangu 2016 meseji za WhatsApp zinafungwa kwenye simu yako na kufunguliwa kwenye simu ya mpokeaji, kwa hiyo aliye katikati anaona herufi zilizovurugwa tu.

Lakini hofu ya shangazi haikutoka hewani, na sipendi wanaomcheka. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inampa mkuu wa kituo cha polisi mamlaka ya kuamuru simu au kompyuta ichukuliwe na kupekuliwa. Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima. Hayo yote hayahitaji tiki nyekundu. Wala hayahitajiki kwa siri za kikoba kuvuja: mwanachama mmoja anapiga skrinishoti, basi. Au simu inaokotwa haina namba ya siri.

Ya shangazi haikuwa nayo. Tuliiwekea namba hiyo palepale, juu ya gunia la mchele.